Kipimo Kikipunja, Redio Husingiziwa



Nyote mmeona mizani ya sokoni. Mkulima huja na gunia lake la pamba, hulitundika, mshale husimama, karani huandika. Kilo zikionekana chache kuliko alivyotazamia, mkulima hulitazama gunia kama limetoboka, huwauliza watoto waliolipakia, pengine huilaumu mvua. Ni wachache wasemao, “Bwana karani, hebu kwanza tuipime mizani yenyewe.” Nami leo nataka kuwaelezeni habari ya mizani ya namna nyingine. Wengi wenu hamjaiona kwa macho, lakini ikipunja, hasara yake yaweza kufika mpaka kijijini kwenu.

Sisi mafundi wa redio tunayo mashine iitwayo jenereta ya mawimbi. Msidhani ni jenereta ile inayonguruma nyuma ya duka umeme ukikatika. Hii ni sanduku la chuma, haina mlio, ina swichi za kuzungusha na alama nyingi usoni. Kazi yake ni kutoa wimbi la redio kama lile litokalo stesheni, ila hili ni dogo na nguvu yake inajulikana. Fundi huliingiza wimbi hilo katika redio ya mtu, kisha hupunguza nguvu kidogo kidogo mpaka ajue redio ile inasikia sauti ndogo kiasi gani. Ndivyo anavyojua kama ina masikio mazuri au imekuwa kiziwi.

Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, jina lililotoka kwa Bwana Alexander Graham Bell, yule wa simu. Msiogope jina. Shikeni jambo moja tu: kila ukishuka desibeli 10, hubaki sehemu moja katika kumi. Chukueni debe la maji la lita 20. Shuka 10, zimebaki lita 2. Shuka 10 tena, kimebaki kikombe kimoja. Shuka tena 10, vimebaki vijiko vinne vya chai. Katika mashine nyingi alama ya sifuri ni miliwati 1, yaani sehemu moja katika elfu ya wati, nasi tunashuka kutoka hapo mpaka 110 na zaidi. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika alama ya 110 ile miliwati imegawanywa mara bilioni mia. Nguvu ndogo namna hiyo ndiyo inayofika katika waya wa antena kutoka kwa mtu aliye mbali, na redio nzuri huisikia.

Sasa sikilizeni vizuri. Mashine haizai nguvu ndogo hivyo tangu mwanzo. Huzaa nguvu kubwa kidogo, kisha huipitisha katika vyumba vya rezista vilivyo katika kisanduku ndani, ambacho mafundi huita atenyueta. Katika mashine nitakayoisimulia, chumba kimoja hupunguza 10, cha pili hupunguza 20, na viwili vya mwisho 40 kila kimoja. Swichi ikiwa 110, vyote vinne vimo kazini: 40 na 40 na 20 na 10. Ikirudishwa 90, kile cha 20 kimetoka njiani. Ikiwa 100, cha 20 kimo na cha 10 kimetoka. Ishikeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

Mwaka 1994 zahanati moja ya mbali, huko ambako masika gari hulala njiani, ilikuwa na simu ya upepo. Siku hizi simu za mkononi zimeenea karibu kila mahali. Wakati ule mama aliyeshindwa kujifungua usiku hakuwa na njia ya kuitiwa gari ila kwa sanduku lile. Hata Madaktari Warukao wa AMREF, walioanza kazi Nairobi mwaka 1957, walitumia simu za namna hiyo miaka mingi kusemezana na hospitali za mashambani. Basi mganga wa zahanati ile aliichukua redio akaipeleka karakana moja ya mjini. Haikuwa mbovu. Alitaka ikaguliwe tu, kama ilivyokuwa desturi kila mwaka. Alirudishiwa na karatasi imeandikwa: upande wa kupokea ni kiziwi, haifai kutengenezwa, nunueni nyingine. Na bei ya hiyo nyingine ilikuwa ya kumnyima mtu usingizi.

Alipokuwa akirudi alipita kwangu, redio iko begani kama mtoto mgonjwa. Akaniambia, “Fundi, juzi asubuhi kabla ya kuifungua ukutani nimesema na hospitali, na kila neno nililisikia. Imekuwaje kiziwi njiani?”

Swali lake lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Nami nilikuwa nimekwisha kusikia habari za redio nyingine mbili, za watu wasiojuana, zilizotoka katika karakana ile ile na hukumu ile ile. Ng’ombe watatu wa mazizi matatu wakiugua ugonjwa mmoja juma moja, mwenye busara huenda kutazama kisima walichonywea. Nikamwambia, “Bwana Mganga, usinunue kitu. Kesho twende wote.”

Mkuu wa karakana alikuwa mtu mzima, tena mwungwana. Hakukasirika hata kidogo. “Karibu, fundi mwenzangu,” akasema, “mashine ni hiyo. Kama inanidanganya, afadhali nijue leo.” Ningependa mafundi wote wawe na moyo huo, maana wengine ukiwaambia kipimo chao kina mashaka huona umewatukana baba zao.

Tukaiunga redio ya zahanati. Swichi kwenye 110: kimya kabisa. Kwenye 100: sauti ikaja kwa mbali, kama mtu anong’onaye nyuma ya ukuta. Kwenye 90: mlio wa kutoboa masikio! Tukaondoa redio ile, tukaweka nyingine iliyokuwa rafuni ikingoja kuhukumiwa. Kimya pale pale, mnong’ono pale pale, mlio pale pale. Basi hapo tayari jawabu lilikuwa limekwisha kuonekana. Kutoka 100 mpaka 90 ni hatua moja ya desibeli 10. Sauti yapasa kuongezeka kwa kiasi, si kuruka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Na redio mbili zilizotengenezwa mbali mbali haziwezi kuwa na ugonjwa unaofuata alama za swichi ya mashine nyingine.

Nataka kuwaambieni tulivyotafuta, hasa ninyi vijana mlio katika shule za ufundi, maana naona wengi mashine ikipunguza nguvu hukimbilia bisibisi. Bisibisi ni ya mwisho. Anza nje. Waya unaotoka kwenye mashine una uzi wa katikati na wavu wa shaba unaouzunguka, na vichwa vyake viwili vya kukaza. Wavu ukikatika penye kichwa, au uzi wa kati ukilegea, nguvu hupotea, tena hupanda na kushuka ukiutikisa. Tazama pia mdomo wa mashine, kama tundu la kati limepanuka kwa kulazimishiwa vichwa visivyo vyake. Sisi tulibadili waya, tukautikisa, tukausafisha mdomo kwa spiriti. Hali ikawa ile ile.

Jambo la pili ni mzigo. Mashine hizi hutazamia kukutana na mzigo wa omu 50. Ukiifunga moja kwa moja kwenye osiloskopu, chombo cha kuonea mawimbi, bila kuweka rezista ya omu 50, utaona volti mara mbili ya zile unazozitaka, na utasema mashine inazidisha. Hapa ndipo pia ugomvi mwingi wa mafundi unapozaliwa. Mashine nyingi za Kiingereza, kama zile za Marconi Instruments, zimeandikwa volti za mdomo ulio wazi, na nyingine zimeandikwa volti zinazofika katika mzigo. Tofauti yake ni nusu kamili, yaani desibeli 6. Mafundi wawili waweza kushindana siku nzima juu ya redio moja, na wote wawili wanasema kweli.

Basi tukaweka mzigo wa omu 50 penye osiloskopu. Mtaniuliza: utapimaje sehemu moja ya bilioni mia kwa osiloskopu? Hupimi. Haiwezekani, chombo hakioni. Unavipima vyumba kimoja kimoja huku juu, ambako nguvu bado inaonekana. Ukijua kila chumba ni cha kweli, jumla yao nayo itakuwa ya kweli. Naona wengi hawajafundishwa jambo hili, ndiyo maana huogopa.

Alama ya sifuri: miliwati 1 katika omu 50 yapasa kuonyesha volti 0.63 kutoka kilele cha juu mpaka cha chini. Tukapata 0.63. Maana yake mitambo ya ndani inayozaa nguvu ilikuwa mizima. Alama ya 10: tukataka 0.2, tukapata 0.2. Alama ya 20: tukataka milivolti 63. Kioo kikaonyesha kama 7! Alama ya 40, ambako chumba cha 20 hakimo njiani: tukataka milivolti 6, na tukapata 6. Tazameni ajabu hiyo. Swichi ikisema 20 na ikisema 40, karibu kiasi kile kile ndicho kinachotoka.

Mkuu wa karakana akakaa kwenye kigoda chake akanyamaza. Nadhani alikuwa anahesabu karatasi alizokwisha kuandika.

Tukaizima mashine, tukaacha swichi kwenye 20, tukaweka testa ya kawaida mdomoni. Panapo uzima testa ingesoma kama omu 50. Ilisoma zaidi ya 4,500. Hapo sasa ndipo tulipochukua bisibisi. Tulipofungua chumba cha 20 tulikuta rezista mbili zimeungua: ile ya upande wa mdomo imekuwa nyeusi na kukatika kabisa, na ile ya kati, iliyopaswa kuwa na omu kama 247, imepanda mpaka 4,500. Chumba kilichoandikwa 20 kilikuwa kinapunguza karibu 39.

Rezista haziungui namna hiyo kwa uzee. Kulikuwa na mkono wa mtu. Simu ya upepo si redio ya kusikiliza tu; ina kitufe cha kusemea, na ukikibonyeza hutoa wati 100. Mtu fulani, redio ikiwa imefungwa bado kwenye mashine, alibonyeza kitufe kile. Mashine inayotoa miliwati 1 ikarudishiwa mdomoni nguvu mara laki moja. Ni kama kuuelekeza mto katika mdomo wa birika. Hutokea kwa nukta moja, halina moshi mwingi, na mashine huendelea kuwaka taa zake kama kawaida. Nani aliyebonyeza? Hakuna aliyejua, wala sikuuliza sana. Karakana ilikuwa na vijana sita na milango miwili.

Rezista mpya mbili bei yake haikufika ya kilo ya sukari. Lakini si kila rezista hufaa. Zile zilizosokotwa kwa waya ndani msiziweke kamwe, maana kwa mawimbi ya kasi waya uliosokotwa hugeuka kuwa kizuizi kingine kabisa. Na miguu yake ikatwe iwe mifupi sana, kwa sababu hiyo hiyo. Tuliporudisha kifuniko, tukakaza skrubu zote, na redio ya zahanati ikasikia vizuri kwenye 110. Bwana Mganga aliibeba akaenda zake hata chai hakunywa.

Ya pili, ile ya rafuni, nayo ilikuwa nzima. Ya tatu hatukuiwahi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuuza ng’ombe, amenunua nyingine, na ile ya zamani imefunguliwa ikatolewa vipuri. Mkuu wa karakana alimwendea mtu yule nyumbani kwake. Walisemezana nini, hilo ni lao.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba kila upungufu wa nguvu ni atenyueta. Ile tuliyoiona ilijitambulisha: alama za juu sawa, alama fulani za chini mbaya. Mashine ikipunguza kiasi kile kile katika alama zote, kuanzia sifuri, chumba kimoja hakiwezi kufanya hivyo. Tafuta kwenye waya, au kwenye kikuza nguvu cha mwisho, au kwenye ule mtambo wa ndani unaoshika nguvu isipande wala isishuke.

Huo mtambo wa kushika nguvu una asili ya kupendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijana wa Marekani, William Hewlett, alikuwa anatengeneza mashine ya kuzaa mawimbi ya sauti, na shida kubwa ya mashine za namna hiyo ilikuwa nguvu kuyumba. Akaweka ndani yake balbu ndogo ya taa. Nguvu ikizidi, uzi wa balbu hupata moto; uzi ukipata moto huzuia umeme zaidi; na kwa jinsi alivyouunga, kuzuia huko huirudisha nguvu mahali pake. Nguvu ikipungua, uzi hupoa, na mashine hujisukuma tena. Yeye na mwenzake David Packard walianza kuuza mashine hiyo, na kampuni yao ikawa kubwa duniani. Fikirini: balbu tu!

Mashine za mawimbi ya redio hufanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Dayodi huonja nguvu inayotoka na kupeleka habari nyuma: ongeza, au punguza. Basi dayodi ikifa ikawa haionji kitu, mashine hudhani imepungukiwa, hujisukuma mpaka mwisho, na nguvu huzidi. Kikuza nguvu kikichoka, dayodi hupiga kelele “ongeza, ongeza,” lakini hakuna cha kuongeza. Mashine nyingi zina taa ndogo ya kuonya ambayo huwaka hapo. Nimewahi kumwona fundi ameibandika taa hiyo plasta kwa kuwa ilimkera machoni. Na kama upungufu unatokea mahali fulani tu pa wimbi, ukizungusha kutafuta stesheni nguvu inashuka bondeni kisha inapanda tena, basi shuku kichujio au kiungio kilicholegea ndani.

Liko na kosa la kinyume, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza. Kisanduku cha atenyueta kikifungwa bila skrubu zote, wimbi huvuja hewani. Redio iliyo mezani hulisikia kwa njia ya ukutani, si kwa mlango, na fundi husema, “Ina masikio ya ajabu hii!” Hapo redio iliyo kiziwi kweli hupewa cheti kizuri na kurudishwa zahanati, na hakuna ajuaye mpaka usiku ule inapohitajiwa. Kulijua kosa hili ni rahisi. Fungua waya kwenye redio, ziba mdomo wa mashine kwa mzigo wa omu 50. Redio ikiendelea kusikia, kuna mvujo.

Vijana wawili wamekwisha kuniuliza namna ya kuilinda mashine yao na wale wabonyezaji. Mashine nyingine huja na kinga yake ya ndani, inayofunga mlango nguvu ikirudi. Nyingi za zamani hazina. Fanyeni hivi. Chukueni kopo dogo la bati na vichwa viwili vya kuungia waya. Ndani wekeni rezista tatu: moja ya omu 240 kutoka kichwa kimoja mpaka cha pili, na mbili za omu 62, kila moja kutoka kichwa chake mpaka kwenye bati. Miguu mifupi. Zibeni kopo kwa risasi pande zote. Hiyo hupunguza karibu desibeli 20, na mtu akibonyeza kitufe, kopo ndilo litakaloungua kwanza, nalo ni la shilingi chache. Lifungeni penye mdomo wa mashine lisitoke hapo, kila kipimo mkiongezee 20, na nje ya kopo andikeni 20 kwa rangi nyekundu. Mara moja kwa mwezi pimeni kwa testa: ukiwa kopo limefunguliwa kwenye mashine, kila kichwa na bati lake kisome kama omu 51.